Siku Tatu za Pengo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Bahasha ya kaki, jina langu limepigwa chapa, hakuna kosa hata moja. Nimeisoma mara nne: mbili kimoyomoyo, moja kwa sauti, na moja mbele ya meza ya mapokezi kwa makusudi.

Nimebakiza hatua moja. Mtihani wa maandishi nilishaushinda kwa alama hamsini na moja, yaani zaidi ya nusu ya elimu yote iliyopo. Sasa ni tathmini tu, kisha nitunukiwe Cheti cha Uongozi katika Utawala wa Ofisi za Wasanifu Majengo. Maneno kumi. Shemeji yangu anatamba mtaani na leseni ya udereva. Maneno matatu.

Shule na mimi tuliachana kwa wema nikiwa darasa la saba. Haikunizuia kuendesha ofisi hii miaka kumi na tisa. Wasanifu wanachora, sawa, lakini mchoro ukishachorwa ni wangu. Naupokea, nauandika kwenye rejista, nauviringisha, nautia kwenye mrija, naupandisha rafuni. Lile jengo la vioo la ghorofa tisa pale mjini nililibeba begani mwenyewe, kwa miguu, mvua inanyesha, na halikulowa hata dirisha moja.

Barua inasema nikae nje siku tatu, kesho mpaka Alhamisi. Nisikanyage ofisini, nisipokee simu ya kazi. Mkaguzi kutoka chama cha watawala atakaa pale aangalie ofisi inavyokwenda wakati mimi sipo. Nimeelewa mara moja. Wanataka kupima ukubwa wa pengo. Mtu wa kawaida akiondoka, ofisi haishtuki. Kiongozi akiondoka, watu wanagongana koridoni.

Tatizo ni dada wa mapokezi. Mwanamke huyu ana tabia ya kujua vitu vilipo. Nilipomaliza kusoma barua mbele yake, aliendelea kupanga kalamu zake, akasema, "Hongera Mjomba, nenda kapumzike. Tutajiweza." Hapa kila mtu ananiita Mjomba, kwa sababu msanifu mdogo kuliko wote ni mtoto wa dada yangu. Hata bosi ananiita hivyo, na kanizidi umri. Lakini hilo la kujiweza halikunipendeza.

Kwa hiyo saa kumi na moja, wote walipoanza kuaga, nilijichelewesha kidogo. Nikabadilisha lebo za mirija ya rafu zote tatu. Kisha nikauchukua muhuri wa kampuni. Bila muhuri ule, halmashauri haipokei mchoro hata uwe wa banda la kuku. Nikautia mfukoni. Si wizi. Ni kuhakikisha pengo langu linalingana na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya pengo. Saa mbili kamili nilikuwa mgahawani, ng'ambo ya barabara, meza ya dirishani. Miwani ya jua. Gazeti la wiki iliyopita. Chai moja.

Mkaguzi kaingia saa mbili na nusu. Mama wa heshima, miwani imening'inia kifuani, daftari kubwa kwapani. Hajawahi kuniona sura, nami sikumwonyesha.

Nikangoja vurugu. Saa nne, kimya. Saa tano bosi akatoka na mteja mpaka nje, wanacheka. Mteja mwenyewe ni yule anayepiga meza ngumi. Huyo nimemweka rafu ya chini kabisa, kwa mfumo wangu: wateja wakali chini, wanaolialia katikati, wastaarabu juu. Na lebo nilishazivuruga. Michoro yake wameipataje?

Simu yangu haikulia. Nikadhani imekufa. Nikamwomba mhudumu anipigie kwa simu yake. Ikalia vizuri, nikapokea, tukasalimiana kidogo. Baada ya hapo haikulia tena. Mhudumu akauliza kama chai ya pili nitaagiza leo au wiki ijayo. Nikamwambia ajue anazungumza na mtu wa cheti cha maneno kumi. Akasema meza hii inahesabu vikombe.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kwamba ofisi imesimama kabisa, watu wameshika vichwa. Akauliza nimejuaje ilhali niko likizo. Nikamwambia kiongozi huhisi. Akasema basi nihisi na gesi, inaelekea kuisha.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimepata aibu ndogo ya kinyumbani. Muhuri wetu ni wa kisasa, wino uko ndani kwa ndani, ukiubana tu unapiga. Jana nimeukalia kutwa, na mfuko wa suruali ile umetoboka. Mke wangu akaona pajani mwangu jina la kampuni kwa wino wa buluu, na chini yake IMEIDHINISHWA. Mara nne. Akauliza ni nani aliyeniidhinisha, maana yeye hakushirikishwa.

Nimehamishia muhuri mfuko wa koti.

Saa tatu na robo, mgahawani, simu ikalia. Mpwa wangu. Nilikaribia kusimama kwa furaha. Sikupokea. Sheria ni sheria. Ikalia tena, na tena. Kufikia saa sita nilikuwa na simu kumi na moja ambazo sikupokea. Nikamwonyesha mhudumu, ili na yeye aone anamhudumia nani. Akaniuliza kama nyumbani wote wazima.

Kisha ukaja ujumbe. "Mjomba shikamoo. Muhuri hauonekani. Michoro ya zahanati inatakiwa halmashauri kesho kabla ya saa kumi, wakifunga ni mpaka mwakani. Nikumbushe tu ulipouweka."

Mara ya kwanza niliusoma nikaona ni ushahidi mzuri sana. Mara ya pili nikaona si mzuri sana. Zahanati hiyo ni kazi yake ya kwanza yenye jina lake mwenyewe pale kwenye kona ya mchoro. Kaichora miezi mitano. Nilimwona kwa macho yangu akiufuta ukuta mmoja mara saba, ili wajawazito wasingojee foleni juani. Na kushika rula kafundishwa na mimi, akiwa na miaka sita. Siku hiyo alichora nyumba yetu na mimi nimesimama mlangoni, mrefu kupita paa. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa.

Sikuujibu. Ningejibu nini? Kwamba muhuri uko salama, unakunywa chai?

Nilipofika nyumbani mke wangu akasema mpwa wangu alipita mchana kunitafuta. Hakukaa. Hata maji hakunywa. Macho mekundu. Akaniuliza kwani huko likizoni kwangu kuna nini hasa. Nikasema ni mambo ya kitaaluma.  

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo watu wangelisimulia miaka, kama wangeruhusiwa kulijua.

Hesabu ilikuwa hivi. Nikionekana ofisini, cheti kimekwenda, na barua inasema siwezi kujaribu tena mpaka ipite miaka mitano. Muhuri usipofika, zahanati imekwenda, na mtoto wa dada yangu pamoja nayo. Asubuhi yote nikalizunguka jengo, mkono mfukoni, nikitafuta njia ya tatu. Saa nane nikaipata: dirisha la choo cha akina mama, upande wa uchochoroni. Nikapanda juu ya ndoo kuukuu ya rangi, nikagonga kioo.

Dirisha likafunguliwa. Dada wa mapokezi. Katika watu wote wa dunia hii.

Akasema, "Mjomba, hiki ni choo cha akina mama." Nikamwambia mimi sipo hapa. Akasema hata yeye hanioni, ila anaona kitu mkononi mwangu. Nikaanza kumweleza jinsi muhuri ulivyojiingiza wenyewe kwenye koti. Hakunikatiza. Alinitazama tu mpaka maneno yakaniishia, jambo ambalo halijawahi kunipata tangu nizaliwe. Kisha akasema taratibu, "Yule mtoto kalia tangu jana."

Nikampa.

Hapo hapo sauti ya mkaguzi ikauliza kutoka mlangoni, unazungumza na nani humo? Dada hakupepesa hata jicho. Akasema ni fundi bomba. Mkaguzi akasema afadhali, bomba la humu linavuja tangu juzi, aingie basi.

Sikuwa na jinsi. Nikazunguka mlango wa nyuma, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Kisheria, aliyekanyaga ofisini ni fundi bomba. Dada akanipa spana kutoka droo yake ya tatu. Miaka kumi na tisa sikujua kwamba tuna spana.

Mkaguzi akasimama nyuma yangu, akawa ananipigia soga vile watu wanavyowapigia mafundi. Akasema ofisi kama hii hajaiona siku nyingi. Mtawala wao yuko nje siku ya tatu na husikii hata mlango ukibamizwa. Isipokuwa muhuri mmoja uliopotea, ukimuuliza mtu kitu, anajua kilipo. "Yaani fundi, ni kama huyo bwana hajawahi kuwepo."

Ulimi uliniwasha. Nilitaka kugeuka nimwambie huyo bwana ndiye aliyeshika spana. Nilitaka kumweleza jengo la vioo, mvua, madirisha yote. Badala yake nikaikaza nati. Nikaikaza kwa uchungu wote wa miaka kumi na tisa, mpaka ikakatika, maji yakanipiga usoni. Mkaguzi akaruka nje. Na mimi nikiwa nimeliziba bomba kwa viganja viwili, nikasikia kutoka chumba cha michoro: pa, pa, pa. Karatasi ishirini na nne. Nilizihesabu zote.

Saa tisa na dakika ishirini mpwa wangu akapita koridoni mbio, mirija begani, bega la kushoto, shingo kaiinamisha kidogo kulia. Ubebaji wangu ule ule. Hakumtazama fundi. Saa kumi kasoro robo bosi akapokea simu, kisha akapiga makofi peke yake ofisini kwake. Michoro imepokelewa.

Mkaguzi akarudi kuniambia kwamba kwa kweli kazi yangu si nzuri. Nikasema asante mama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerejea rasmi. Nimeingia polepole ili wapate nafasi ya kufurahi.

Mpwa wangu kanikumbatia. Kasema muhuri ulidondokea nyuma ya meza ya mapokezi na dada ndiye aliyeuona. Nikamwambia sikuwa na wasiwasi, vitu ninavyovitunza mimi hupatikana. Nikamtazama dada. Alikuwa anachonga penseli.

Baadaye nikamuuliza, kitaaluma, Jumanne waliipataje michoro ya yule mteja wa ngumi. Akasema lebo zangu hajawahi kuzisoma tangu aajiriwe. "Nafungua mrija, Mjomba, natazama ndani." Mfumo duni kabisa. Lakini sikumkosoa. Mwanamke huyu angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na hakuisema. Sasa nina deni la wema, na mimi si mtu wa kusahau wema.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefaulu. Alama tisini na mbili katika tathmini. Cheti kina muhuri wa dhahabu na sahihi mbili, moja haisomeki kwa ukubwa wa cheo cha mwenyewe. Mke wangu kakishika kwa ncha za vidole, kakisoma chote, kisha akasema, "Haya baba, hongera," na sauti yake ilikuwa tofauti. Kesho shemeji anakuja. Hajui anaitiwa nini.

Kasoro ni karatasi iliyoambatana nacho, ripoti ya mkaguzi. Imeandikwa: "Kukosekana kwa mtahiniwa hakukuhisiwa kabisa." Nimeona haya. Hakukuhisiwa! Bila shaka alama nilipewa kwa kunionea huruma, au kwa kuikumbuka ile hamsini na moja. Mpwa wangu akasoma akasema, "Lakini Mjomba, hiyo ndiyo sifa yenyewe. Alama zote tisini na mbili ni za hapo." Vijana wa siku hizi wana moyo mwema, wanajua kumfariji mtu mzima. Nikamshukuru, kisha nikaichana ripoti vipande vidogo.

Sasa habari kubwa. Kumbe dada wa mapokezi naye alikuwa akisomea cheti hiki hiki, kimyakimya. Mtihani kaupita kwa themanini na nane, inaelekea alisoma. Kesho anaanza siku zake tatu za nje. Na ofisi kamkabidhi nani? Mimi. Kaniita pembeni, kanipa orodha ya kurasa tatu, kila kitu kilipo, kwa mwandiko unaosomeka hata kwa mbali. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mjomba, nakuomba kitu kimoja tu. Usifanye chochote."

Niliguswa. Unyenyekevu wa namna ile! Mtu aliyeniokoa mimi, aje aandikiwe na yeye kwamba kukosekana kwake hakukuhisiwa? Nikiwa hai haitatokea. Pengo la dada huyu litaonekana mpaka barabarani.

Orodha nimeshaichana. Daftari la wageni liko kwenye begi langu, funguo za kabati ziko kwenye koti, spana nimeipeleka nyumbani. Sasa hivi niko chini ya meza yake, natafuta waya wa simu unachomokea wapi.