Shimo la Baba na Safari ya Moshi

Jumatatu, 2 Juni

Leo mkutano kwa mama Christiane, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu. Habari kubwa. Ofisi ya meya wa Likasi, huku kwetu Kongo, inatuma watu Moshi, Tanzania, wakajifunze namna wenzetu wanavyoshika takataka mpaka mji wao ukabaki safi. Kartie yetu iko na nafasi moja tu. Itapewa lupango, kiwanja na nyumba yake, litakaloonyesha mfano bora wa kutunza takataka. Wakaguzi wanapita Jumamosi.

Nikasimama. Nikawaambia Moshi naijua kuliko waliozaliwa humo. Ni kweli. Sijafika tu. Papa Rémy, jirani yangu, mwalimu wa zamani, akataka kujua nilipitia njia gani. Nikamjibu ile ya wakati ule, siku hizi imefungwa. Wakacheka. Kicheko cha wivu nakifahamu.

Nyumbani mke wangu Henriette akauliza kwa nini mji safi unaitwa Moshi. Nikamwambia ndiyo hayo nataka kwenda kuyachunguza.

Jumanne, 3 Juni

Papa Rémy amenunua mapipa matatu, anayapaka rangi: kijani, nyekundu, njano. Kazi ya chekechea. Minye, yaani mimi, narudisha kitu cha wakati wa kampuni ya madini: shimo la baba.

Likasi ya zamani ilikuwa Likasi. Miti imepakwa chokaa miguuni. Jumamosi asubuhi mkaguzi wa afya anapita kambini kwa wafanyakazi na kofia yake nyeupe, anachungulia kila lupango. Mama amefagia mpaka ardhi inang'aa, na ole wako uikanyage kabla hajapita. Kila nyumba na shimo lake nyuma ya jiko: maganda, majani, majivu juu. Likijaa, baba analifunika, anapanda papai, anachimba lingine. Papai moja la kwetu lilishibisha familia nzima na mbwa, na kipande kikaenda kwa ndugu wa Kambove. Leo tunapanda ndege kwenda kujifunza mambo ambayo baba aliyafanya amevaa kandambili.

Nimechimba peke yangu, mita nne. Henriette anasema linafika magotini. Nimelizungushia bashi, turubai la plastiki, papa Rémy asiibe wazo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefikia udongo mweusi, laini. Ni shimo la zamani la baba mwenyewe, nyumba hii alituachia yeye. Nikaokota kipande cha sahani ya mama, ile ya bati yenye ua la bluu. Nikakaa chini kidogo. Kwenye sahani ile alikuwa ananipakulia minye wa kwanza, kabla ya wakubwa. Kiangazi hiki vumbi linaingia machoni sana.

Bashi limefanya watu wanong'one, na mchana heshima imepanda. Watu ambao juzi hawakunisalimu leo wananiita patron, bosi. Mwisho akaja Alexis, mnunuzi wa madini, akazima pikipiki kwenye uzio.

"Papa Stani, uko unachimba nini?"

"Shimo ya takataka."

"Ndani ya bashi?" Akatabasamu. "Bon. Na udongo iko rangi gani?"

"Mweusi."

Uso ukambadilika. Hapa kwetu ukisema udongo mweusi, umesema kobalti, madini ya pesa. Ningeweza kumweleza. Lakini mtu akikutazama hivyo, kama waziri, unamkatiza vipi? Nikasema: "Tuseme tu baba yangu aliacha kitu humu."

Ijumaa, 6 Juni

Taabu. Wachimbaji wametoka machimbo ya Kamatanda na makoleo, hawakubisha hodi. Uzio chini. Lupango limekuwa mashimo matupu. Nikapaza sauti kwamba ni maganda ya baba. Mmoja, mwili nusu shimoni, akaniambia: "Papa, tunajua weye uko bingwa wa kudanganya, lakini leo umechoka." Siku moja nasema ukweli, hakuna wa kuupokea.

Kufika saa sita avenyu nzima, barabara yetu yote, inachimba. Na papa Rémy pia! Mwalimu mzima, suruali imekunjwa, mapipa yake ya rangi anasombea udongo. Takataka za kila nyumba zimetupwa barabarani kupisha mashimo.

Jioni Alexis akasugua udongo wangu kiganjani, akaunusa. "Hii ni maganda ya mayai," akasema. Wakaondoka kama walivyokuja. Hakuna aliyeomba radhi. Nikaona safari yangu ya Moshi inaondoka nao.

Jumamosi, 7 Juni

Henriette ametoka mapema, akasimama katikati ya avenyu, mikono kiunoni. Sauti ile naijua.

"Mulichimba na mikono yenu? Sasa mujaze. Mutoto akivunjika muguu humu, minye nitamubeba mupaka kwenu."

Akawapanga. Maganda na majani shimoni, majivu juu. Chupa na plastiki kwenye mapipa ya papa Rémy, na papa Rémy akayatoa. Hata minye nilibeba.

Mama Christiane alipofika na wakaguzi, kila lupango na shimo lake, barabara imefagiwa. Mkaguzi mmoja mwenye mvi akavua kofia. Akasema tangu wakati wa kampuni hajaona avenyu namna hii. Nikajisogeza mbele, nikakohoa. Mama Christiane akauliza ni nani aliyepanga yote. Wote wakamwonyesha Henriette. Kidole cha kwanza kilikuwa cha papa Rémy.

Nafasi imekwenda kwa mke wangu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimewafafanulia watu. Mimi ningefika Moshi, wenyeji wasingeniachia kurudi. Ndiyo maana nimeshauri atumwe Henriette. Papa Rémy akasema amina.

Henriette ameshaanza kufunga sanduku, ingawa safari bado. Nimempa mashauri: soko liko upande gani, asimwamini nani, na mgahawa wa rafiki yangu karibu na kituo cha basi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja vitenge. Kisha akauliza, polepole, huyo rafiki anaitwa nani. Nikamwambia afike tu, watatambuana.

Nimempimia mfuko wa finkubala, viwavi vikavu safi kabisa, ampelekee rafiki huyo. Ameupokea. Ameuweka jikoni, karibu na sufuria na chumvi. Nimemkumbusha asije akakosea: rafiki yangu anavipenda bila chumvi.