Nilitikisa Port ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimejiaibisha, tena nyumbani kwa wakwe, Plano, Texas. Nawaambia mwenyewe kabla Wairimu hajawaambia.

Mnajua namchumbia Wairimu. Mnajua pia kwamba baba yake, Mzee Gachanja, hajawahi kunipenda wala kunichukia. Hunitazama tu kama mtu anayesoma mita ya maji. Leo nilitoka Houston alfajiri kwenda kumwomba ruhusa ya kuleta wazee wangu. Nilivaa suti. Salamu nilizifanyia mazoezi njia nzima (kuna lori la ng'ombe lilinisikiliza hadi karibu na Dallas).

Nikapokewa vizuri. Shangazi Nduta, dada yake Mzee, alikuwa amepika mukimo wa viazi na mahindi. Tulikula tukashiba, halafu Mzee akaanza habari za port, ile divai tamu na kali ya Ureno. Ndicho kinywaji chake cha pekee, na hukinywa kidogo kidogo baada ya chakula.

"Kiprono, leo tutalinganisha," akaniambia. "Niko na chupa mbili. Moja ni ya nyumba kubwa ya divai. Hao huchanganya zabibu bora za mashamba yao, na chupa kama hii wanatoa mwaka ukiwa mzuri kabisa. Hiyo ni yangu. Ingine imetoka shamba moja peke yake, mwaka ambao hizo nyumba kubwa zilinyamaza, hazikutoa chupa kama hii. Hiyo ni ya Mama Wairimu."

Mama Wairimu alifariki kabla sijamjua. Huo ubishi wao Wairimu alishanisimulia. Mzee alishikilia kwamba shamba moja haliwezi kushinda mchanganyiko wa mengi. Mama naye alikuwa amechuma kahawa Nyeri utoto wake wote. Ilipelekwa kiwandani, ikachanganywa na ya kijiji kizima, na hakuwahi kuonja hata kikombe cha kahawa ya kwao. Kwa hiyo walipokuwa wakiishi Sharpstown, mtaa wa Houston, alipoona dukani chupa iliyoandikwa jina la shamba ilikotoka, aliinunua bila kumuuliza mtu. Ilikuwa ya mwaka aliozaliwa Wairimu. Waliahidiana kwamba siku moja watazifungua zote mbili wajue nani alikuwa mkweli. Siku hiyo haikufika.

Sasa Mzee alikuwa ameichagua leo, mimi nikiwepo.

"Zimesimama jikoni tangu juzi," akasema. "Nenda uzilete. Polepole."

Nilidhani anaogopa niziangushe.

Nikafika jikoni, nikainua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na mashapo meusi, mazito, yametulia. Ya pili vilevile. Nikashtuka. Kwetu Bomet, mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa, hayamiminwi kabla ya kutikiswa. Uzuri wake umelala chini. Ukimpa mgeni yale majimaji ya juu, umemwambia arudi kwao. Zaidi ya hayo mimi ni nesi, na chupa ya dawa yenye kitu chini huwa tunaitikisa. Nikajiambia, Kiprono, hapa ndipo mkwe anapojulikana.

Nikavua koti. Nikatikisa kama alivyonifundisha mama, mkono mmoja chini, mwingine shingoni (macho nilifumba kidogo, kwa heshima). Nikarudi sebuleni bado natikisa, ili kazi ionekane.

"Mzee, zimechanganyika vizuri. Hakuna kitu kimebaki chini."

Shangazi Nduta akaweka kijiko mezani. Mzee alikuwa ameshika jagi la kioo na tochi ndogo ya kumulikia mashapo, tayari kumimina ile safi ya juu.

"Umefanya nini?"

"Nimetikisa, Mzee."

"Zote mbili?"

"Zote mbili." (Hadi hapo bado nilikuwa nangoja kushukuriwa.)

Wairimu akafunika uso. "Babe, you don't shake it. Hiyo uchafu ndiyo ilifaa kukaa chini. Dad ameisubirisha two days."

Nilitaka kurudi Houston kwa miguu. Ile chupa mama wa watu aliichagua kwa mkono wake, ikatunzwa miaka yote hiyo, na mimi nimeigeuza tope kwa dakika moja. Ruhusa niliyoijia niliiona ikitoka mlangoni. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Nimekuharibia kitu cha mama."

"Tuziache zitulie tena," Shangazi akasema. "Tutafungua siku ingine."

Mzee akaichukua chupa ya mkewe. "Hapana. Nimengoja vya kutosha. Leta chujio la chai."

Basi tukachuja port ya miaka na miaka kwa chujio linalonukia tangawizi. Vipande vikubwa vilibaki, ule unga wake ukapita. Mzee akaonja ya kwake. Akatafuna kidogo. "Yangu iko na nguvu, lakini bado ni kali. Ingehitaji miaka mingine." Akaonja ya Mama Wairimu. Akaonja tena.

"Hii imeiva," akasema. "Hata na matope, ya kwake ndiyo tamu. Alikuwa anasema ukweli huyu mama."

Akatumiminia na sisi, macho yamemjaa machozi. Kisha akacheka, meno yote meusi kwa ule unga, sawa na yetu, na Wairimu akawa analia na kucheka pamoja, maana hakuwa amemsikia baba yake akicheka hivyo tangu mazishi.

"Kijana," Mzee akaniambia, "waambie wazee wako wakuje. Wakuje na hiyo mursik, mtikise mpaka mchoke. Lakini port nitaileta mwenyewe."

Tukapiga picha hapo hapo, Wairimu akaituma Bomet. Wazee wangu wameshajibu. Wanauliza mbona siku ya furaha kama hii nimefunga mdomo.