Malalamiko ya Jirani Kuhusu Chuo Kukua Bila Adabu

Akheri, Meru

Kwa Padri Makamu Mkuu,
Chuo Kikuu Katoliki cha Mtakatifu Blandina.

Mheshimiwa Padri,

Tumsifu Yesu Kristo, kama mnavyosalimiana nyinyi. Sisi Walutheri tungesema Bwana Yesu asifiwe, lakini leo sina nguvu ya kubishana. Malalamiko yangu nimeyapa namba, maana nasikia huko kwenu kisicho na namba hakisomwi.

1. Mlianza kwenye ghala la mahindi la parokia, wanafunzi kumi na mmoja na ubao mmoja. Siku ya uzinduzi nilikula pilau yenu, na njiani wazee tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliwapa miaka miwili. Leo mna maghorofa matano! Ndiyo shukrani ya pilau hiyo?

2. Ng'ombe wangu, Mlutheri tangu ndama, sasa hatoi hata tone mpaka ilie kengele yenu ya Malaika wa Bwana. Nimemwimbia nyimbo zetu zote, ananitazama tu.

3. Mke wangu anawauzia wanafunzi wenu loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni ananenepa, mwenyeji anaambiwa imeisha.

4. Hili ndilo kubwa. Binti yangu Aika mmemfundisha sheria. Siku ukoo ulipokaa nigawe shamba kwa kaka zake, kama baba yangu alivyogawa, alisimama, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kisha akauliza fungu lake liko wapi. Aliuliza kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma. Nikamwambia akalime vitabu. Akabeba begi lake, akaondoka. Kabla yenu mtoto huyu hakuwa na swali hata moja.

Kwa hiyo naomba maghorofa yavunjwe, chuo kirudi ghalani, na ng'ombe arudishwe kundini.

Nawasalimu mapadri, masista na mpiga kengele, ingawa huyo hastahili.

Wenu katika Kristo yule yule, hatuna namna,
Anaeli Nnko, jirani.

Tanbihi: Ndani ya bahasha kuna jani la sale, nimelichuma mpakani. Kwetu Wameru, mwenye kosa akikuletea sale huwezi kukataa kumsamehe. Si lenu. Mpeni Aika, yuko bwenini kwenu mwezi wa pili huu na simu yangu hapokei. Mwambieni fungu lake ni lile la kando ya mfereji, nimelipima mbele ya kaka zake. Chuo msikivunje kwanza, ana mtihani. Na mwambieni baba yake amekosa.