Vipanya Waendao Lyon

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi iko wazi! Mkuu wa Mauzo ya Nje! Bwana Terpstra, mwenye kiwanda, katangaza wakati wa kahawa: atakayewauzia Wafaransa Vipanya vyetu ndiye ataikalia. Miaka kumi na moja napanga maboksi hapa Bolsward. Nafasi ni yangu. Froukje wa matangazo naye anaitaka. Ana miaka miwili tu hapa, tayari anatembea kama mwenye nyumba.

Tatizo ni Madamu Chazelle, mnunuzi wa maduka ya Lyon. Ameonja Vipanya, amevipenda. Mbegu za kunukia zilizovikwa sukari, kila moja na kamkia kake, nani asiyezipenda? Ila jina halitaki, na panya aliyechorwa kwenye boksi hamtaki kabisa. Eti kwao panya kwenye boksi ni tangazo la sumu.

Sumu! Mtoto akizaliwa hapa, kila mgeni hupewa tosti, siagi, na Vipanya juu. Panya ni uzazi, panya ni baraka! Froukje kasema tumtoe panya, tuchore kitanda cha mtoto. Akili fupi. Panya hatolewi, panya anaelezwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua kosa. Panya wetu ni katuni, ndiyo maana haaminiki. Nimeweka kwenye boksi picha ya panya halisi, masharubu yote, meno mawili mbele. Nimemtumia Madamu kabla Froukje hajamaliza kikombe chake.

Amejibu baada ya nusu saa. Anauliza tumekuwa na tatizo hili tangu lini, na kama maofisa wa afya wanajua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeitwa ofisini. Bwana Terpstra kaniuliza kama nimenunuliwa na washindani. Nikamwambia la. Akasema ni heri ningekuwa nimenunuliwa, angalau ningekuwa na sababu. Madamu anakuja mwenyewe Jumatatu kukagua kiwanda. Mimi nisiguse kitu, nisichore kitu, nisifungue mdomo.

Froukje kanipita kwenye ngazi: pole kaka Wybren, anza mazoezi ya kunibebea mafaili. Nikamwambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Akacheka! Sikupata hamu ya kula mchana.

Sijakatazwa kuleta kitu, lakini.

Jumamosi, 8 Machi

Leeuwarden, duka la wanyama. Nimenunua panya wawili weupe, safi kuliko mimi. Muuzaji kaapa wote ni madume. Hesabu yangu ni hii: mtu haogopi kitu alichokishika mkononi. Madamu atamshika mmoja, atampenda, atatia sahihi. Nimewafunga utepe shingoni.

Mke wangu Tjitske anasema ameona mipango yangu mingi, lakini huu ndio wa kwanza unaokula karoti. Amekataa kuwaweka jikoni. Nimezunguka nyumba mara kumi na kizimba chao mkononi. Jumatatu iko mbali jamani!

Jumatatu, 10 Machi

Aibu yangu! Aibu!

Madamu kafika saa nne, mwembamba, viatu vya bei, saa mkononi anaitazama kila dakika. Walipofika chumba cha kufungashia nikajitokeza nyuma ya maboksi. Nilikuwa nimekariri sentensi moja ya Kifaransa. Nikaisema. Nikafungua kimlango cha kizimba amshike mmoja. Wakatoka wote wawili.

Mmoja kapita juu ya kiatu chake. Wa pili kaelekea ghala la sukari, na utepe wake. Madamu alikuwa juu ya meza kabla sijasema samahani. Bwana Terpstra kashika ukuta.

Na Froukje, sitamsamehe, kamshusha kwa mkono, kamketisha, kampa tosti yenye Vipanya, kamwonyesha picha ya mtoto wa dada yake aliyezaliwa juzi. Kamwambia hivi ndivyo tunavyompokea mtoto kwetu. Madamu katoa machozi! Kaomba tosti ya pili. Kasaini. Boksi litakuwa na kitanda, jina litakuwa Sukari ya Mtoto. Froukje ndiye Mkuu.

Kuna sharti, limeandikwa kwa wino: akisikia habari ya panya mmoja tu humu ndani, mkataba umekufa. Bwana Terpstra kanipa hadi Ijumaa. Niwakamate wote wawili, kimyakimya, au nifunge virago. Nimeumia. Nimelia chooni, naandika ukweli.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewapata! Nyuma ya magunia ya sukari, mmoja kalala ubavu. Dume gani! Muuzaji kanidanganya, huyu alikuja na mimba yake. Watoto saba, wekundu, hawana hata unywele.

Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Si nilisema? Panya ni uzazi! Ushahidi kamili, ndani ya kiwanda chenyewe!

Desturi ni desturi. Kiwanda kizima kimekula tosti na Vipanya, kwa gharama yangu. Kisha nimechapisha kadi za uzazi, nembo ya kampuni juu, picha ya mama na wanawe saba chini: kwa furaha kubwa tunawatangazia, katika ghala letu la sukari, mama na watoto hawajambo. Kitinda mimba nimempa jina Chazelle.

Kadi ya Madamu nimeituma Lyon kwa posta ya haraka. Itafika kesho asubuhi, na hapo Bwana Terpstra ataona nani anajua kuuza.