Watia Makaa wa Dohani ya Nne

Umma ulitangaziwa, kwa bango lililobandikwa kwenye lango kuu la kiwanda cha meli cha Brodie ukingoni mwa mto Clyde, mjini Glasgow, kwamba meli mpya Albanora itakuwa na dohani nne za kutolea moshi. Uamuzi huo ulifikiwa na Kamati ya Hadhi ya Dohani, waheshimiwa kumi na wawili, baada ya vikao vya miezi mitano ambamo waliliwa kondoo wa kutosha kujaza zizi.

Kulikuwa na tatizo dogo, la kitaalamu tu. Boila za Albanora, yaani matanuri yake ya kuchemshia mvuke, zilihitaji dohani tatu. Moshi wote ukishapita kwenye hizo tatu, haubaki moshi mwingine wa kupitisha popote.

Aliyeligundua hilo ni Eneas Tulloch, mchoraji wa ramani za meli, mtu mpole aliyeinamia meza ileile kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwambia anyamaze, afunike kombe mwanaharamu apite. Eneas, kwa ule ujinga wa watu wakweli, akaenda kusema. Kamati ilimsikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Mwenyekiti, Sir Lockhart Brodie, mwenye kiwanda, akamfafanulia kwamba abiria hahesabu boila, kwani boila zimefichwa chini. Abiria husimama bandarini akahesabu dohani, na kampuni shindani tayari inazo nne.

"Lakini mheshimiwa, ya nne haitatoa moshi," Eneas alisema.

"Bwana Tulloch, hapa hatuzungumzii moshi. Tunazungumzia imani."

Kwenye kumbukumbu za kikao dohani hiyo ikaandikwa kuwa Dohani ya Akiba ya Heshima. Mafundi waliokuwa wakigonga ribiti, misumari minene ya kuungia mabati, huko juu waliiita Mjomba, kwa sababu imevaa vizuri, imesimama mbele ya watu, na kazi haifanyi.

Mambo yangekwisha hapo, kama si fomu ya mkaguzi wa serikali. Fomu ilitaka kila dohani iwe na chumba chake cha boila, na kila chumba kiwe na watia makaa kumi na wawili, kwa majina na saini. Bila hivyo meli haitoki mtoni. Mtu mwenye haraka angeiondoa dohani. Kamati haikuwa na haraka. Iliagiza kichorwe Chumba cha Nne cha Boila, mahali palipokuwa na stoo ya viazi.

Eneas alisita, na ndipo Sir Lockhart alipomkumbusha kwamba nafasi ya msimamizi wa ofisi ya michoro iko wazi. Barua ya uteuzi ingetolewa siku ya kuijaribu meli baharini. Asiyetaka kuchora, lango analijua.

Msimamizi huvaa kofia ngumu nyeusi, na pale Clyde kofia hiyo si vazi, ni cheo. Wengine wote huvaa kofia za kitambaa. Mwenye kofia ngumu huamkiwa kwanza hata na wanaomchukia, na ribiti ikidondoka kutoka juu, kwa bahati mbaya, huwa inamtafuta yeye. Eneas aliitamani kofia ile kuliko alivyowahi kukiri. Mkewe Grizel alikuwa ameshawatangazia habari za kofia wanawake wa ghorofa zote tatu pale wanapofulia, kwa hiyo kurudi nyuma ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

"Mume wangu," Grizel alimwambia akimpakulia uji wa shayiri, "umechora vyoo vya marumaru vya daraja la kwanza, hukusema neno. Chumba kimoja cha uongo ndicho kitakachokutoa roho?"

Basi akachora. Tena alichora vizuri mno: boila, milango ya moto, ngazi, hata msumari wa kutundikia koti. Ukikitazama kile chumba unatoka jasho.

Yakabaki majina. Hakuna mtia makaa wa kweli aliyekubali kuazimisha jina lake, maana wale watu wanajua kwamba ukisaini utaitwa. Kamati ikajitolea yenyewe. Wote kumi na wawili wakasaini daftari la mabaharia, na Sir Lockhart akajiandika Mtia Makaa Mkuu, akaagiza cheo hicho kiongezwe kwenye kadi zake. Mkaguzi aliyasifu maandishi yao. Hajawahi, alisema, kuona watia makaa wenye mwandiko mzuri namna ile.

Siku ya kuijaribu meli ilipangwa Jumamosi moja ya katikati ya Julai. Kila mtu wa Glasgow aliyewahi kushika nyundo anajua maana yake. Ni likizo ya Fair. Viwanda hufungwa, na mji mzima hubeba birika na matandiko ukahamia Rothesay ufukweni. Kamati haikujua, kwa kuwa mtu ambaye kila wiki yake ni likizo hana njia ya kuitambua moja.

Asubuhi hiyo watia makaa wengi wa Albanora walikuwa Rothesay, suruali wamekunja, miguu majini. Kapteni Isbister, mtu wa Orkney ambaye hajawahi kucheka kazini wala nje ya kazi, aliokoteza aliowapata, akaona amepungukiwa watu kumi na wawili. Aling'oa nanga hivyo hivyo, akachukua daftari, akaenda kwenye ukumbi wa chakula. Kamati ilikuwa inakula samaki.

"Nawahitaji watia makaa wa Chumba cha Nne," alisema.

Walicheka sana. Kapteni akasubiri wamalize, akasoma majina moja moja. Sir Lockhart akamweleza kwamba lile lilikuwa jambo la fomu tu.

"Saini ni yako?"

"Ni yangu, ila—"

"Aliyesaini daftari langu akakataa amri yangu ni mwasi, na mahabusu ninayo. Nimekwenda Chumba cha Nne nikakuta viazi. Kwa hiyo mmehamishiwa Chumba cha Pili."

Wakashuka. Eneas, aliyekuwa melini kama fundi wa kiwanda, aliwasindikiza kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua njia. Kule chini joto lilikuwa la kuivisha mkate. Sir Lockhart akavua koti, akamkabidhi Eneas.

"Usilikunje. Barua imo mfuko wa ndani, chukua ya kwako."

Eneas akaichukua, akaisoma kwa mwanga wa tanuri. Ilimteua Ninian Brodie, mpwa wa mwenyekiti, ambaye alikuwa amejua kushika penseli mwaka uliopita. Bwana Tulloch alishukuriwa kwa miaka ishirini na sita, akaombwa arudishe rula mbili za kiwanda.

Iliuma. Tusifiche, iliuma sana. Aliikunja barua, akairudisha mfukoni, akalitundika koti taratibu. Nyuma yake Teague, mzee wa zamu kutoka Donegal, alikuwa anamfundisha mwenyekiti kazi. "Baba, hilo ni beleshi," alisema. "Si kijiko cha chai."

Baada ya saa mbili Kamati iliitisha kikao cha dharura palepale mbele ya tanuri. Akidi ilitimia. Ilipitishwa kwa kauli moja, wajumbe wawili wakiwa wamelala chali, kwamba mwendo upunguzwe na watu wa Chumba cha Nne wapumzishwe. Eneas akatumwa kupeleka azimio juu.

Kapteni alilisoma, akaligeuza, akatazama na nyuma.

"Wewe ndiye fundi. Tukiwapumzisha hawa, meli itapata shida?"

Ukweli aliujua. Ukipunguza mwendo kidogo tu, watia makaa wa kweli waliopo wanatosha na kusaza. Miaka ishirini na sita alikuwa amesema ukweli kila alipoulizwa, na mara nyingi bila kuulizwa.

"Kapteni," alisema, "kwa mujibu wa mchoro uliothibitishwa na Kamati, meli hii haiendi bila Chumba cha Nne."

Kapteni akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwenye kitabu cha safari: kasi kamili hadi saa kumi.

Eneas hakuona haja ya kurudi kwenye joto. Alijikalia kwenye kiti kirefu cha daraja la kwanza, akaletewa chai, kisha akaenda kwenye bomba la kuongelea na watu wa chini na kupeleka jibu chini. Halafu ikapanda sauti ya Sir Lockhart, imekauka, ikimwambia kwamba amefukuzwa kazi tangu dakika hiyo.

Eneas alimjibu kwa adabu kwamba amesikia. Kisha akamwuliza, wakati yeye amesimama hapo akizungumza, beleshi lake limeshikwa na nani.