Vizibo vya Mia Mia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sauti moja imebaki kichwani tangu asubuhi. Pipi ikianguka juu ya kisosi. Tap. Sarafu hulia, huzunguka, hutaka itazamwe. Pipi huanguka kama mtu anayeomba radhi.

Nilimpa Mzee Bulugu, mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Ilikuwa chenji yake ya mia. Chai ya maziwa mia nne, chapati mia tano, na kila mteja anakuja na noti ya elfu moja. Sarafu za mia zimetoweka Bugarama nzima! Mzee aliigeuzageuza ile pipi. Akasema meno yake yalishastaafu. Akauliza kama akampe ng'ombe. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Petronila, ambaye chapati zake ni ngumu lakini chenji anayo. Anaitoa wapi?

Niandike hali ilivyo, ili nisijidanganye. Mama yuko Biharamulo, anamuuguza dada yake hospitalini. Mgahawa kaniachia mimi. Kaniachia pia kopo lenye laki moja na ishirini. Kodi ya fremu ya miezi sita ni laki moja na themanini. Elfu sitini nizijaze kwa mauzo. Tarehe 30 Mzee Gaspari, mwenye nyumba, asipokuta hela kamili, fremu anapewa Petronila, ambaye anataka kupanua biashara. Mama ana miaka kumi na mmoja ndani ya fremu hii. Mimi nina digrii ya uchumi. Sitashindwa na pipi.

Jumatano, 11 Juni

Nimezitazama sarafu siku nzima. Wateja wamelalamika kwamba chai inachelewa.

Hivi, ile namba maana yake nini? Mia ya nani? Chuma chenyewe hakina thamani ya mia. Mia haimo ndani ya sarafu. Imo ndani yetu! Tumekubaliana tu, na makubaliano yenyewe hakuna anayekumbuka kuyafanya.

Nikamweleza Mzee Bulugu, aliyerudi kwa sababu ya ugumu wa chapati za ng'ambo. Alisikiliza kwa heshima. Kumbe hasomi namba kabisa. Anasoma wanyama. Kifaru hamsini, swala mia, simba mia mbili, nyati mia tano. Akasema jambo moja linamsumbua: vifaru wamebaki wachache kuliko wote, inakuwaje kifaru ndiye wa bei ya chini? Miaka mitatu ya chuo kikuu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kuuliza hilo.

Lakini nimepata wazo. Kama mia ni makubaliano, nami naweza kukubaliana na watu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeanza! Vizibo vya soda, vimepigwapigwa nyundo hadi vikalala. Upande mmoja 100, kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu. Upande wa pili herufi A, yaani Adventina. Mteja akikosa chenji anapewa kizibo. Kesho akija nacho, ni mia. Nimetoa kumi na tisa leo. Hakuna pipi hata moja.

Mzee Bulugu aligoma. Mnyama yuko wapi? Nikamchorea ng'ombe. Akakitazama kizibo, akasema ng'ombe huyo anaumwa, lakini atamchukua hivyohivyo, na akifikisha kumi atakuja zizini kwetu kudai wa kweli. Wateja walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Furaha ya namna hii haijawahi kuonekana katika mgahawa huu Mama akiwepo.

Petronila amewaambia watu kwamba vizibo vyangu vinaleta pepopunda.

Jumanne, 17 Juni

Vinapokelewa! Gaspari mwenyewe anavikusanya. Hula chapati na chai asubuhi na jioni, kila mara hutoa elfu moja, hupokea kizibo, hukitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Havitumii. Mtu bahili hata kwa kizibo.

Leo kuni zilikwisha na sikutaka kugusa kopo. Nikamlipa mwenye kuni vizibo thelathini. Alikuna kichwa, akachukua. Nikamlipa Mzee Bulugu maziwa kwa vizibo vyenye ng'ombe, arobaini. Akasema sasa ana kundi la pili.

Sijui kwa nini wengine wanahangaika kutafuta hela. Rangi ya kucha ni elfu mbili tu.

Alhamisi, 19 Juni

Matusi! Petronila sasa anavipokea vizibo vyangu, ila kwa hamsini. Mtu anampelekea cha mia, anampa mandazi ya hamsini. Kisha yeye anamtuma mtu kwangu na vizibo vyote, na mimi navilipa mia mia. Leo kalipwa elfu mbili na mia sita taslimu. Nikavuka barabara kumwambia huo ni unyonyaji. Akafuta mikono kwenye kanga, akaniita mdogo wangu, akasema yeye hakusoma, lakini mia yangu ikivuka lami inachoka.

Nilirudi nikiwa na hasira. Halafu nikatulia. Maana yake Bugarama sasa ina soko la fedha. Nimelianzisha mimi.

Kwenye daftari la mauzo mambo ni mazuri sana. Elfu hamsini na nne tayari!

Jumapili, 22 Juni

Sadaka ya bati za paa la kigango, kanisa letu dogo. Kwetu jumla ya kila jumuiya ya majirani husomwa mbele ya watu wote baada ya misa, na hapo ndipo Wakristo hujuana. Katekista Thobias akasoma. Jumuiya yetu, ya kwanza! Haijawahi kutokea. Mwaka jana tulikuwa wa mwisho, tukapewa kazi ya kufagia. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilitoa machozi kidogo.

Ndipo Petronila, ambaye jumuiya yake imekuwa ya kwanza miaka yote, akasimama na kuomba kapu lifunuliwe. Thobias alisita. Akalifunua. Vizibo themanini na vitatu.

Kumbe watu walikuwa wanavionea shaka, na mtu akiwa na hela anayoionea shaka humpa Mungu.

Thobias alijitetea kwamba yeye huhesabu kilichomo kapuni, na kimeandikwa mia. Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Yalikuwa maneno ya mwanauchumi.

Jumatatu, 23 Juni

Simpendi tena. Amekuja asubuhi na vizibo themanini na vitatu ndani ya mfuko wa sukari. Anataka elfu nane na mia tatu. Nikamweleza taratibu kwamba thamani haimo katika kitu, ni makubaliano ya jamii. Akaitikia kwa kichwa. Akasema amelifikisha hilo kwa fundi bati, na fundi bati hakukubaliana.

Nikamwomba anipe hadi mwisho wa mwezi. Akaniambia niendelee kusali.

Ijumaa, 27 Juni

Nimehesabu hela za droo dhidi ya daftari. Daftari linasema elfu sitini na moja. Droo inasema elfu ishirini na tatu.

Nikahesabu tena. Nikashuku panya. Nikamshuku Petronila. Saa nne nzima! Kisha nikaona. Kila kizibo kilichorudi nilikiandika kama mauzo ya mia. Vizibo vyangu, nilivyopiga nyundo mimi, nimeviandika kama pato langu. Na kuni na maziwa sikuyaandika popote, kwa sababu niliona sijatoa hela.

Laki moja na ishirini, jumlisha ishirini na tatu. Laki moja na arobaini na tatu. Bado elfu thelathini na saba, siku tatu. Mama kapiga simu kuuliza kama kuna shida. Nikamwambia biashara inazunguka. Si uongo.

Jumatatu, 30 Juni

Gaspari alifika saa mbili kamili, amevaa koti. Petronila alikuwa amesimama mlangoni kwake na futi ya kupimia. Futi!

Nikampa mzee shikamoo, chai na laki moja na arobaini na tatu; mauzo ya siku tatu yalikwisha kwa unga na kuni. Zilizobaki nikamwekea kwa vizibo, nimevipanga kumi kumi. Akavisukuma kwa kidole. Nikamkumbusha kwamba amevipokea wiki mbili bila neno. Akasema chai ni chai na kodi ni kodi, na kwamba ufunguo nimpe kesho asubuhi.

Nilikiangalia kiti cha Mama, kile kilichofungwa waya mguuni, nikamwona akishuka kwenye basi na kukuta chapati za Petronila humu ndani.

Gaspari alifika mlangoni. Akasimama. Akashika mfuko wa shati. Akauliza hivi vyake vitakuwaje. Vipo thelathini na vinne.

Nikamwambia ukweli, sikuwa na akili ya kutunga. Vinanywewa hapa tu. Mgahawa ukifa, navyo vimekufa. Petronila atampa hamsini, na akishapata fremu hatampa hata hiyo.

Nilimwona akihesabu kwa midomo. Elfu tatu na mia nne! Akarudi, akakaa, akachukua laki moja na arobaini na tatu, akasema iliyobaki ni hadi mwisho wa Julai. Kisha akaomba chai ya pili, na akalipa kwa noti.

Jumatano, 2 Julai

Mama karudi jana. Dada yake amepata nafuu. Habari zote alikwishazipata kabla ya kushuka: utingo wa basi alikuwa na vizibo vitatu.

Mama hugomba kwa Kihangaza, lugha yetu, na hesabu huzitaja kwa Kiswahili, kwa hiyo majirani wote walielewa. Baada ya hapo alifanya mambo yafuatayo, bila kukaa chini. Alimwendea Thobias, wakakubaliana kwamba mafundi bati watakunywa chai kwetu hadi vizibo themanini na vitatu viishe. Nitapika mimi. Alimlipa mwenye kuni. Mzee Bulugu alikataa kurudisha vyake, akasema hauzi ng'ombe ovyo. Rangi yangu ya kucha aliitupa chooni. Mwisho akachukua chaki na kuandika ukutani: chai na chapati, elfu moja, na nusu kikombe cha nyongeza. Chenji haihitajiki tena. Imekwisha.

Dakika moja! Suluhisho lisilo na nadharia yoyote. Nilimwambia hivyo. Akanipa sufuria nisugue.

Nimesugua na nimetafakari. Nakiri nilikosea. Kosa langu nimeliona waziwazi, nami si mtu wa kurudia kosa: nilitoa vizibo vichache mno. Thelathini na vinne tu vimemzuia mtu mgumu kama Gaspari asitutoe. Je, angekuwa navyo mia tatu? Na Petronila naye angekuwa navyo mia mbili, si angetuombea usiku na mchana tusianguke? Na ilipaswa iwe karatasi, yenye muhuri. Watu huheshimu muhuri.

Mama sijamwambia, amechoka na safari. Utingo wa basi la Biharamulo ameondoka saa moja asubuhi na mchoro wangu, pamoja na elfu kumi na tano ya sukari ya wiki hii. Fundi mihuri anamaliza Ijumaa.