Shikamoo Kutoka Juu ya Mlingoti

Leo heshima yangu imeisha, tena mbele ya mama mkwe.

Mimi ni mtu wa Mapera, kule milimani, mtu wa kahawa. Wanunuzi binafsi walipoanza kupita vijijini niliuza vizuri, nikanunua mashua ya tanga ili nibebe mahindi ziwani, kwao mke wangu. (Kuogelea sijui. Muuzaji hakuuliza.)

Tatizo lilikuwa mlingoti. Upepo wa kusini ukikaza, ulikuwa unapinda katikati. Mimi na shemeji yangu Boni tukaamua kuuongezea kamba: mbili za nyuma, kushoto na kulia, unakaza ile ya upande wa upepo na kulegeza ya pili, na moja ya mbele, inayoshika chini kidogo ya kilele. Za nyuma tulimaliza jana.

Leo asubuhi ikaja habari kwamba kaka yake mama mkwe amefariki Liuli. Barabara imekatika kwa mvua. Mama akaagiza kwamba atakwenda na mashua yangu. Tangu nioe hajawahi kuniomba kitu. Hata salamu zake hupitia kwa mke wangu.

Singeweza kumpakia na mlingoti unaoyumba. Nikakaa kwenye kitanzi cha gunia, Boni akanivuta juu kwa kamba ya kupandishia tanga. Nikaifunga ile ya mbele, nikaifunga sawasawa. Nikamwambia anishushe.

Kamba ikagoma. Ilikuwa imeruka kwenye roda, kile kigurudumu cha kileleni, na kubana. Boni akavuta, akatikisa, wapi.

Ndipo wanawake wakatokea ufukweni wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, mama mkwe mbele. Mimi niko juu ya vichwa vyao, na kaptula, miguu inaning'inia. Ningefanya nini? Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

Akatazama mchanga.

"Marahaba. Baba Anna, unashuka, au tunakwenda hivyo hivyo?"

Boni akawaeleza la kufanya. Wakaishika ile kamba mpya ya mbele, mama mkwe naye akaishika, wakavuta kutoka ubavuni mwa mashua. Mashua ikalala taratibu, nami nikashuka nayo mpaka majini, maji ya kifuani. Boni akaichomoa kamba iliyobana. Mimi nikajichomoa kwenye gunia.

Kaptula ikabaki humo. Gunia likachomoka kwenye kamba, likazama.

Wanawake wakageuka wote. Mama mkwe akavua kanga yake ya juu, akanirushia bila kugeuza shingo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Baadaye alilia kweli, njia nzima.

Tumefika salama. Mlingoti haukupinda hata kidogo, lakini nani alikuwa anautazama? Wafiwa waliotupokea walinong'ona kuuliza yule mwanamume wa kanga ni nani.

"Mkwe wangu," mama akajibu. "Ndiye aliyenileta."

Mazishi ni kesho. Mwenye suruali ya ziada hapa Liuli anitafute kwanza, kucheka tutacheka baadaye.